Kinyozi Aliyemwonea Wivu Daktari wa Macho

Kinyozi mmoja watu walimwita Kioo, na hawakumwita hivyo kwa kuwa alikuwa anang'aa. Alikuwa na banda la kunyolea kwenye kona, mlango ukitazama barabara, na humo ndani alitundika kioo kikubwa kuliko mlango wenyewe. Wateja walidhani kimewekwa kwa ajili yao. Kumbe kazi ya kwanza ya kioo kile ilikuwa kumwonyesha fundi nani anapita nyuma yake, na kama anayepita ni mke wake, amesimamishwa na nani. Mkono ukiwa kichwani kwa mteja, macho yako barabarani. Na bado hakuwahi kumkata mtu. Hapo tumpe haki yake: mikono ile ilikuwa na akili kuliko mwenyewe.

Wanaume wengine huwaonea wivu wanaume. Kioo aliwahi kuionea wivu redio. Mke wake alicheka kidogo kwa maneno ya mtangazaji, kicheko cha mtu anayechambua mchele huku mawazo yako mbali, na kesho yake redio ikakutwa haina betri. Mwaka ule mvua ilipokawia, watu wa mtaani waliapa kwamba mawingu yalikuwa yanazunguka njia nyingine, yakiogopa kupita juu ya bati la Kioo asije akayauliza yanamtafuta nani.

Mke wake, Mama Kibonge, alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Alikuwa na maneno machache na mwendo wa haraka, na alishazoea kuishi na mume wa namna hiyo kama mtu anavyozoea mlango unaolia: huushtukii tena, unausukuma tu unapita.

Halafu kulikuwa na Kibonge, binti yao, mwenye mashavu ya kugawia watoto wengine wakabaki na ya kwake. Alikuwa ndiyo kwanza amejua kukimbia, kabla hata hajajua vizuri kusimama. Na alikuwa wa baba yake. Jioni Kioo akitokea tu na furushi lake la mashuka ya kunyolea, yale wanayofungwa wateja shingoni ili nywele zisiwaingie nguoni, mtoto alimvaa miguuni. Furushi likitupwa pembeni lingoje kufuliwa, Kibonge alilala juu yake, akajifunika, akajifunua, akacheka, akajifunika tena. Baba anajifanya kumtafuta chini ya kiti. Ndiyo ilikuwa sinema ya nyumba ile.

Siku moja jicho la kulia la Kibonge likaamka jekundu.

Mama yake alidhani ni sabuni. Akabadilisha sabuni. Jicho likabaki jekundu. Jirani wa kushoto akasema ni moshi wa jiko, jirani wa kulia akasema ni wanja, ingawa mtoto hajawahi kupakwa wanja. Mwingine akasema mtoto analala na taa. Mtaa mzima ukawa hospitali isiyo na dawa. Kibonge mwenyewe alikuwa anasugua jicho kwa ngumi yake nene, machozi yanashuka upande mmoja tu, akitoka juani analifumba kama mtu anayepiga shabaha.

Ndipo Mama Kibonge akambeba hadi kliniki ya macho.

Daktari wa pale alikuwa kijana, mpole, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye kikwapa. Kwanza alifikiri ni macho mekundu ya kuambukizana, yale ambayo akiamka nayo mtoto mmoja, kesho nyumba nzima inatazamana kwa haya. Akatoa dawa ya matone. Lakini jicho la pili likabaki jeupe, na wala hakukuwa na tongotongo la kugandisha kope. Safari iliyofuata akauliza habari za paka, za vumbi, za poda na marashi, maana kuna watoto ambao mwili hukataa kitu na jicho ndilo hupeleka malalamiko. Hakuna paka. Marashi hakuna. Akabonyeza pembeni mwa pua, akitazama kama njia ya machozi imeziba. Haikuziba.

"Limebaki jambo moja," alisema. "Nataka nikunje kope ya juu nione chini yake. Huwa kitu kidogo kinajificha huko."

Kukunja kope ya Kibonge ilikuwa sawa na kumvua simba soksi. Aliruka, akapiga teke, akamng'ata muuguzi kidole, akalia hadi wagonjwa waliokuwa nje wakaanza kuona vizuri, wakaondoka. Mama yake alimshika akashindwa. Daktari akasogea nyuma, akafuta jasho.

"Huyu mtoto hutulizwa na nani?"

"Na baba yake. Kwa baba yake hata sindano hupigwa akiwa anacheka."

"Basi baba yake aje amshike. Na asikawie, mama. Kama kuna kitu kinakwaruza, kikikwaruza muda mrefu kitaacha kovu mbele ya jicho, na kovu la hapo halifutiki kwa matone."

Hayo ndiyo maneno aliyokwenda nayo nyumbani. Akayasema yote, moja baada ya jingine, akiwa anamvua mtoto viatu. Lakini sikio la mwenye wivu ni kama kichujio cha chai: maji yote yalipita, Kioo akabaki na majani tu.

"Daktari anataka kuniona mimi?"

"Anataka umshike mtoto."

"Muuguzi hana mikono?"

"Muuguzi kang'atwa. Daktari mwenyewe ana mkono mwepesi, lakini Kibonge hataki."

"Mkono mwepesi," alisema Kioo. "Umeujuaje wepesi wake?"

Mama Kibonge akamaliza kuvua kiatu cha pili, akaenda jikoni. Mlango umelia, keshapita.

Bandani nako hakukuwa na nafuu. Kwenye benchi alikuwepo fundi baiskeli, mtu ambaye karakana yake ilikuwa jirani na kazi yake kubwa ilikuwa kutokuwepo karakanani. Ndevu zake zilikuwa ngumu kama brashi ya kusugulia masufuria, na alizinyoa kila mara kwa sababu kiti cha kunyolewa ndicho kiti kizuri alichowahi kukalia.

"Shemeji nimemwona anapita," alisema. "Gauni la kijani. Sikujua kama jicho la mtoto linatibiwa kwa gauni la kijani."

"Nyamaza, nitakukata."

"Hukati mtu wewe. Ila nakuuliza tu kama rafiki. Jicho gani hilo halisikii dawa? Kila juma kliniki, kila juma kliniki. Mimi jicho langu liliingia kichuma cha baiskeli, nililitibu kwa kulifumba."

Benchi zima likacheka. Kioo hakucheka. Kichwani mwake alikuwa keshamjenga daktari yule kuanzia kisigino hadi utosi: mrefu, meno mengi, sauti ya mtangazaji wa redio. Alimchukia vizuri kabisa, kwa mpangilio. Na kadiri alivyomchukia ndivyo alivyoapa kwamba hakanyagi kliniki ile. Kwenda ilikuwa ni kusalimu amri. Jicho la Kibonge likapata nafuu kidogo kwa matone, likarudi likawa baya zaidi. Asubuhi moja mtoto hakutaka kabisa kutoka nje. Alikaa nyuma ya mlango, uso ukutani, akiogopa mwanga.

Mama Kibonge akafunga cherehani yake.

"Nakwenda kwa mama," alisema. "Mtoto atakuwa huko mpaka jicho lipone. Wewe kaa na daktari wako."

"Daktari wangu?"

"Wako. Mimi simfikirii hata robo ya unavyomfikiria."

Kioo akabaki na nyumba. Nyumba isiyo na Kibonge ilikuwa kubwa kama uwanja wa mpira. Jioni alitupa furushi pembeni, hakuna aliyelilalia, akalitazama mpaka akaona aibu ya kulitazama.

Siku chache baadaye, mchana, mteja mgeni aliingia bandani. Kijana, mpole, amechoka, ndevu za mtu aliyekosa nafasi. Alikaa, akafungwa shuka, akapakwa povu. Fundi baiskeli alikuwa benchini kama kawaida yake.

"Kioo, shemeji hajarudi tu?"

Lilikuwa swali la kuchokoza kidonda, na kidonda kikapasuka. Kioo akaongea. Wembe unashuka shavuni kwa mgeni, taratibu, na maneno yanashuka nao.

"Atarudije? Kuna daktari mmoja pale kliniki ya macho. Kazi yake ni kuangalia macho ya wake za watu. Anachukua jicho la mtoto kama kisingizio. Leo matone, kesho nibonyeze pua, keshokutwa mwite baba. Jicho haliponi kwa sababu hataki lipone."

"Umewahi kumwona huyo daktari?" aliuliza mgeni, akichezesha upande mmoja wa mdomo, ule ambao haukuwa na wembe.

"Sijamwona, lakini namjua. Wale wananukia. Ana meno mengi."

"Pengine anangoja tu mtu wa kumshika mtoto."

Wembe ukasimama. Ulisimama chini ya kidevu, mahali ambapo mtu hawezi hata kumeza mate.

"Wewe umejuaje habari za kumshika mtoto?"

"Mimi ndiye mwenye meno mengi," alisema mgeni, bila kutikisa shingo. "Mama mtoto aliniambia ulipo. Nimeona mlima hauji, nimekuja mimi. Endelea, fundi, nina wagonjwa wananisubiri."

Inasemekana hata inzi waliokuwa bandani walitua. Fundi baiskeli aliangalia viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza amevinunua. Kioo alisimama na wembe wake, damu imempanda hadi masikioni. Angeweza kumfukuza. Lakini uso ulikuwa umenyolewa nusu, na uso ulionyolewa nusu ukitoka pale ungezunguka mji mzima ukitangaza kazi ya nani. Hilo hakuliweza. Akaendelea. Alinyoa kwa hasira, na hasira ikamtia umakini, umakini ukazaa kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu ashike wembe. Alipofuta povu la mwisho, uso ule ulikuwa umekuwa mzuri kupita kiasi. Kioo aliutazama akajuta. Ameupamba mwenyewe, kwa mkono wake.

Akafungua shuka kwa nguvu, akalikung'uta mlangoni. Vipande vya nywele vikaruka kwenye mwanga wa jua, vingi, vidogo, kama vumbi lenye miguu. Daktari akapiga chafya, akapepesa macho. Halafu akatulia, akavitazama vinavyoelea.

"Mashuka haya yanafuliwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na kabla ya kufuliwa yanakaa wapi?"

Kioo alilitazama shuka lililokuwa mkononi mwake. Akilini aliliona furushi pembeni mwa chumba kule nyumbani. Akamwona Kibonge amejifunika, anajifunua, anacheka.

"Njoo naye kesho asubuhi," alisema daktari, akinyanyuka. "Wewe. Si mtu mwingine."

Jioni ile Kioo alioga hadi ngozi ikalalamika, akavaa shati safi, akaenda kwa mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akikunja nguo. Hakusogea kumpisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemfuata mke au umemfuata mtoto?"

"Jicho, mama. Nimelifuata jicho."

"Hilo ndilo jibu lako la kwanza la maana tangu umwoe mwanangu. Kaa hapo usiguse kitu."

Mama Kibonge akatoka, mtoto amemlalia begani, uso kafukia. Alimsikiliza mumewe hadi mwisho, habari za mgeni na shuka na nywele zinazoelea. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata:

"Kesho tutakwenda wote. Lakini ukifungua mdomo mle ndani kwa jambo lolote ambalo si jicho, mimi na mtoto tunarudi hapa, na hapa utanikuta mpaka Kibonge aolewe."

"Nimesikia."

"Sura pia. Usimkunjie mtu sura."

"Sura siwezi kuahidi," alisema Kioo, na angalau alisema kweli.

Asubuhi wakaingia chumba cha daktari. Kibonge alipakatwa na baba yake, mgongo kifuani, mikono yake minene imefungwa ndani ya mikono ya kinyozi, kichwa chini ya kidevu chake. Kioo akaanza kumwimbia sikioni wimbo wa kijinga wa kutafuta mtu chini ya kiti. Mtoto akatulia. Daktari akainama na taa yake. Uso wake ukawa karibu na wa Kioo, ule uso aliounyoa jana, laini, na ulikuwa unanukia. Kioo akanusa. Ilikuwa poda ya bandani kwake mwenyewe. Pembeni Mama Kibonge ameinama naye, bega lake limekaribia bega la daktari kiasi cha kupitisha kadi moja ya harusi. Kioo alipima nafasi ile kwa macho, akauma ulimi, akaimba.

Tone la ganzi likaingia. Daktari akashika kope za juu, akaweka kijiti cha pamba, akaikunja kope kama mtu anayepindua upindo wa shuka. Kibonge alitaka kulia. Baba akambana kidogo, akabadilisha ubeti. Na pale chini, umejichoma kwenye nyama nyekundu, ulikuwepo unywele mmoja mfupi, mweusi, mgumu, kama mguu wa mende. Koleo ndogo ikaingia, ikatoka nao. Daktari akauweka juu ya karatasi nyeupe. Wote wakainama kuutazama.

"Kila akipepesa, huu ulikuwa unapiga msumeno," alisema daktari. "Ni bahati haujakata sana. Mkwaruzo upo, lakini mdogo."

Kioo aliutazama kwa jicho la kazi. "Huu ni udevu," alisema. "Wa fundi baiskeli."

"Unaujua?"

"Nimevunja nyembe ngapi kwa sababu yake? Ungeingia kwenye jicho la ng'ombe, ng'ombe angehama."

Muuguzi mwenye kidole kilichofungwa plasta akacheka. Daktari akaandika dawa ya kupaka, huku akiuliza kwa nini mashuka yenye nywele yanapelekwa kwenye nyumba yenye mtoto. Hakuna dobi mtaani?

Kioo akanyamaza. Alinyamaza kwa namna ambayo mke wake aliona si haki kuiacha ipite.

"Dobi yupo, daktari. Yalikuwa yanafuliwa kwake miaka yote. Siku moja dobi aliniuliza kama sijambo, kisha akauliza kama nimelala salama. Salamu ya pili ndiyo ilimkosesha kazi. Tangu hapo mashuka yanarudi nyumbani."

Kioo alihisi joto linapanda kutoka miguuni. Kichwani mwake mambo yalijipanga yenyewe, bila kuombwa: dobi, furushi, jicho, daktari. Wivu wake ulikuwa umezunguka mji mzima ukitafuta wa kumwibia, kumbe ndio uliomwingizia mtoto wake udevu wa fundi baiskeli jichoni. Alitazama chini, kwenye utosi wa Kibonge, akaubusu kwa muda mrefu, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuweka uso.

"Ukitoka kazini," alisema daktari, "oga, badili nguo, ndipo umbebe. Na hayo mashuka yasivuke kizingiti cha nyumba. Mnirudishie mtoto juma lijalo nimtazame."

Basi pale ndipo lilipokuja lile gumu. Kibonge alipepesa jicho. Akapepesa tena, hakuna kinachochoma. Akalifungua, akamtazama daktari kwa macho mawili kwa mara ya kwanza, akatabasamu kwa mashavu yote, akanyoosha mikono kwake. Kwa daktari. Akachukuliwa, akakaa mkononi mwake kama aliyezaliwa pale, akaanza kupapasa kile kidevu laini, huku anacheka.

Mke unaweza kumlinda kwa kioo. Binti unamlinda kwa kitu gani? Kioo alishika kiti kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka, mshipa wa shingo ukasimama, maneno yakajazana nyuma ya meno yakisukumana kutoka. Mama Kibonge hakumtazama mtoto wala daktari. Alimtazama yeye. Alikuwa anangoja.

"Jicho," alisema Kioo hatimaye, sauti kama ya mtu aliyebeba gunia, "naona jicho limeanza kuwa jeupe."

"Limeanza," alisema mkewe.

Nje ya lango la kliniki kulikuwa na njia mbili. Ya kushoto ilikwenda kwa mama mkwe. Mama Kibonge aliweka mtoto sawa begani, akashika ya kulia, kwa ule mwendo wake wa haraka, na Kioo akamfuata bila kuuliza asije akamkumbusha.

Tangu siku ile mashuka hufuliwa nyuma ya banda, kwenye beseni, na Kioo mwenyewe. Fundi baiskeli alimshauri amrudishie dobi kazi yake. Kioo akasema dobi ana maswali mengi, akaendelea kusugua.

Na juma lilipokwisha, siku ya kumrudisha Kibonge kliniki, Kioo alipitia bandani asubuhi kwanza, akamkuta daktari mlangoni anataka kunyolewa. Kioo akamgeuza uso huku na huku, akatikisa kichwa kama mtaalamu mwenye masikitiko. Akamwambia kwamba kwa sura yake, kwa kweli, ndevu ndizo zinazomfaa. Mtu wa heshima kama yeye aziache zikue, zifunike mashavu, zifunike hata shingo zikiweza. Daktari, mtu mwema, akashukuru, akaondoka na ndevu zake.

Mchana wake jicho likamulikwa, likakutwa jeupe kama la pili, kovu hakuna. Wakatoka nje watatu, Kibonge anakimbia mbele juani, macho wazi. Kioo alikuwa anatembea mwepesi, hata anapiga mluzi.

"Umemwona daktari?" alisema mke wake, akifunga kanga vizuri. "Ameanza kufuga ndevu. Zimempendeza."

Mluzi ukakatika. Walitembea kipande kirefu.

"Kesho nitamwambia apite," alisema Kioo, "nizitoe."